Nyota Mbili na Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na albamu ya mume wangu imetoka leo. Habari zote mbili zilinikuta kazini.

Mvua niliijua kwa wateja. Waliingia dukani miwani imejaa matone, wakawa wananitazama bila kuniona. Albamu niliijua kwa bosi wangu, daktari wa macho, ambaye husoma habari kwenye simu akiwa amesimama mlangoni kama mlinzi.

"Binti," akaniita, "mumeo kaachia kitu kipya. Kinaitwa *Kabla ya Jina*."

Akaigeuza simu nione. Picha ya jalada ni ukuta mtupu wa njano hafifu. Ukuta ule naujua. Ni wa chumba cha nyuma, nyumbani kwetu. Tulikipaka rangi mwezi wa nane, mimi tumbo likiwa mbele, yeye akiwa juu ya ngazi. Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi. Msichana. Aliishi asubuhi moja tu, akaondoka kabla hatujampa jina. Tangu siku hiyo mimi na mume wangu hatujamzungumzia. Hakuna aliyekataza. Imekuwa hivyo tu.

Nilijua kuwa anarekodi. Sikujua anarekodi nini.

Niliutazama ule ukuta kwenye simu, nikasubiri nisikie kitu. Ilikuwa kama jino lililochomwa sindano ya ganzi: unaligusa kwa ulimi, unajua lipo, lakini si lako. Nikamrudishia bosi simu yake, nikaendelea kukata lenzi.

Muuguzi aliwahi kuniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja. Sikumsikiliza wakati ule. Naanza leo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mama mmoja alikalia miwani yake mwenyewe, akaapa kwamba imekaliwa na mumewe. Nimeinyoosha.

Alhamisi, 6 Machi

Watu wanamwita mume wangu Nyundo. Akipanda jukwaani anasema "Nyundo!" na umati unajibu "Gonga!", kisha ngoma zinaporomoka kama mawe juu ya bati. Kwa ngoma hizo tumeoana, kwa ngoma hizo tumejenga.

Leo gazeti limetoa uhakiki. Kichwa chake: NYUNDO APOTEZA MPINI. Bosi aliusoma kwa sauti huku mteja akiwa amekaa kwenye kiti cha kupimwa macho, jicho moja limezibwa.

"'Hakuna ngoma hata moja. Bwana huyu anatunong'oneza kama mtu anayeogopa kuamsha wenye nyumba. Wimbo wa saba ni feni inazunguka. Nilidhani spika zangu zimekufa. Tuliagiza misumari, tumeletewa pamba.' Kampa nyota mbili na nusu."

"Na hiyo nusu ya nini?" akauliza mteja.

"Ya kumjua tangu zamani," akasema bosi. Wakacheka. Kisha bosi akakumbuka mimi ni nani, akakohoa.

Jioni mume wangu alilisoma gazeti mezani. "Tumeletewa pamba," akarudia. "Huyu jamaa anajua kuandika." Kisha: "Chumvi iko wapi?"

Nikamsogezea chumvi.

Mama mkwe ndiye aliyekasirika kwa niaba yetu sote. Alikuja kukaa nasi mwezi wa kumi, amsaidie mzazi kulea. Hapakuwa na wa kulea, na hakuna aliyemwambia arudi, basi akabaki. "Mwanangu anatukanwa gazetini," akaniambia, "nawe unatafuna tu?"

"Nifanyeje, Mama?"

"Hata ukunje uso basi!"

Nilikunja uso. Akaridhika kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimemsikia Mama akipiga simu gazetini. Ameomba kuongea na "huyo mwenye mpini". Hakupewa.

Jumanne, 11 Machi

Leo mume wangu alikuwa redioni. Bosi aliweka redio juu ya kabati la fremu. Watangazaji ni wawili, mwanamume na mwanamke, wanaokatizana kauli kama watu waliooana. Wao wameipenda albamu. Wamesema gazeti limepitwa na wakati.

"Tunaielewa hivi," akasema yule mwanamke. "*Kabla ya Jina*, maana yake kabla hujaitwa Nyundo. Umevua umaarufu kama koti. Umerudi kuwa yule kijana asiyejulikana. Tumekosea?"

Nilisimamisha mashine ya lenzi.

"Mnaweza kusema hivyo," akajibu mume wangu.

"Na ule wimbo wa saba? Kile chumba kitupu ni moyo wa msanii, sivyo?"

"Mnaweza kusema hivyo."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu!" akasema yule mwanamume, na wote wakafurahi. Methali hiyo sasa nimeikuta kwa kila mtu anayeiandika albamu hii. Nadhani imeanza kuchakaa magotini, kama suruali.

Nilikata lenzi ya mteja nikaikosea kipimo. Bosi alinipa nyingine.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Mama ameniuliza kama nimeisikiliza albamu. Nikasema bado. Akasema na yeye bado, anasubiri mtu amwekee, maana simu yake ikiguswa vibaya inampigia shangazi. Hatukuwekeana.

Jumapili, 16 Machi

Dari ya chumba cha nyuma inavuja. Mume wangu ameweka ndoo. Tumezungumza kuhusu ndoo.

Jumatano, 19 Machi

Fundi wa sauti amekuja nyumbani. Tunamwita Waya kwa sababu hajapata kuonekana bila waya shingoni. Amekonda. Anasema mashabiki wanaandika mtandaoni kwamba yeye ndiye aliyezificha ngoma. Mmoja amemwandikia: "Rudisha ngoma za watu."

"Shemeji," akaniambia wakati mume wangu ameenda kuoga, "wewe umeuonaje wimbo wa saba? Nilikuwa na hofu nawe hasa."

"Hofu ya nini?"

Alinitazama, kisha akatazama waya wake. "Basi tu. Sauti ya feni inasumbua."

Nilimpa chai. Mtu akitaka kubadilisha mazungumzo, mpe chai.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kijana fulani wa mtandaoni amempa saba kwa kumi. Amesema ni "ubaridi wenye akili".

Jumapili, 23 Machi

Kuna mwanamke mzee anayeandika safu ya Jumapili. Si shabiki wa rap. Kwa kawaida anahakiki vitabu na tamthilia, na hana huruma. Mama humwita Bibi wa Jumapili, kwa sauti ile anayowaitia wachawi. Leo ameandika kuhusu mume wangu. Nanakili kipande:

"Wenzangu wanasema msanii huyu amejivua jina. Sioni hivyo. Mimi nasikia nyumba yenye msiba. Kuna mtu amefariki humu ndani, na mwenye nyumba anatupokea sebuleni, anatuongelesha kwa kunong'ona, lakini hatuambii ni nani. Anataka tulie, ila jeneza hataki tulione. Huo si ujasiri. Ni woga uliovaa nguo nzuri. Sauti yake inatetemeka pale inapotakiwa kutaja, kisha anakimbilia kwenye feni. Simwamini. Nampa pole, lakini simwamini."

Hakutoa nyota. Yeye huwa hatoi.

Nimeisoma jikoni, nikaisoma tena uani chini ya bati, nikaisoma tena chooni. Mtu nisiyemjua amekaa kwake, amevaa miwani yake, akasikia kwamba nyumbani kwangu kuna maiti. Mimi ninayelala na mwenye nyumba sijasikia.

Mume wangu ameisoma pia. Hakufanya mzaha safari hii. Alilikunja gazeti likawa dogo sana, akaliweka mfukoni, akaenda kumwaga ndoo ambayo haikuwa imejaa.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Vidole vyangu vya miguu havipati joto.

Alhamisi, 27 Machi

Nimeanza kufanya jambo la ajabu. Kila uhakiki unaotoka nausoma mpaka mwisho, natafuta mume wangu yumo wapi. Mmoja kasema "mtu huyu amechoka kuwa na nguvu". Mwingine kasema "anaongea kama mtu aliyesimama nje ya mlango wake mwenyewe". Jioni naja kumtazama akila, nalinganisha. Huenda ni kweli amechoka kuwa na nguvu. Sikuwa nimeona.

Jumatano, 2 Aprili

Waya ameandaa mjadala: albamu itachezwa yote ukumbini Jumamosi mchana, wahakiki watauliza maswali. Mama ameshachagua nguo. "Tutakaa mbele," amesema. "Wamwone ana kwao."

Mume wangu alisimama mlangoni mwa jikoni. "Si lazima uje," akaniambia.

"Hutaki nije?"

"Sikusema sitaki. Nimesema si lazima."

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika haya bado nimevaa nguo za kutokea.

Ukumbi ulikuwa wa mikutano, viti vya plastiki, bati juu, mvua juu ya bati. Wahakiki walikaa upande wa kulia wakiwa na karatasi na kalamu. Yule mwenye mpini ni mnene, mpole, ana kikohozi. Nilitegemea mtu mwenye meno. Bibi wa Jumapili alikaa peke yake mwishoni mwa safu. Miwani yake imelegea upande wa kushoto. Mikono yangu ilitaka kuikaza.

Mimi na Mama tulikaa safu ya tatu. Waya akabonyeza. Albamu ikaanza.

Sitaandika kuhusu nyimbo sita za kwanza. Zilipita. Niliwatazama watu wakiandika. Mtu akinong'ona kwenye spika, kalamu zao zinakimbia, akinyamaza, zinasimama. Nilifikiri: wanamjua kwa vituo vyake.

Wa saba ukaanza na feni. Ile feni ina bawa moja bovu, inapiga tik kila mzunguko. Ni yetu. Kisha chini ya feni kukawa na sauti ya mwanamke anaimbaimba mdomo umefungwa, wimbo usio na maneno, kama mtu anayekunja nguo. Nilichelewa kuitambua. Wazo langu la kwanza lilikuwa: huyu mwanamke anavuta pumzi mahali pabaya.

Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa na mimba, pumzi zilikuwa fupi.

Nilikuwa nikikunja vile vitambaa vidogo, mlango uko wazi. Sikujua kuna mtu ananirekodi. Na sasa nilikuwa naimba ukumbini mbele ya watu wenye kalamu, mimi wa mwezi wa tisa, mwenye furaha, mjinga. Juu ya sauti yangu mume wangu akaanza kunong'ona:

*Nimebeba kitu chepesi kilichonishinda uzito,*
*nimesimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba.*
*Alinigeuzia ukuta, nami nikajifunza ukuta.*

Feni. Tik. Tik. Mwisho.

Watu wakapiga makofi ya adabu. Maswali yakaanza. Bwana wa mpini aliuliza kuhusu ngoma, akajibiwa. Yule mtangazaji mwanamke akauliza: "Sauti ya kike kwenye wimbo wa saba, ni mwimbaji gani huyo? Ana kitu."

Mume wangu alishika maiki kwa mikono miwili. "Ni mtu wa karibu."

Bibi wa Jumapili hakunyoosha mkono. Alisema tu, "Na huyo mtu wa karibu, anajua?"

Nyundo hakujibu. Umati wa watu umemwona mtu huyu akijibu matusi kwa mashairi papo hapo, bila kupepesa. Alisimama pale akitazama maiki kama mtu aliyepewa kifaa cha kazi asiyoijua.

Na hapo ndipo Mama aliposimama. Hakusimama kwa ubaya. Aliona mwanawe amebanwa, akataka kumwokoa. "Ni mkwe wangu huyo!" akasema kwa sauti ya kuitia watu shambani. "Yuko hapa hapa! Aliimba akiwa na mimba ya mjukuu wangu, Mungu amrehemu. Na aliyefariki ni huyo mnayemuulizia kila siku! Mwacheni mwanangu!"

Vichwa vyote vikageuka. Kalamu zikasimama. Kisha mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, mpaka ukumbi mzima ukawa unapiga makofi. Walikuwa wananipigia mimi. Baadhi walikuwa wanalia.

Sikujua mtu hufanya nini akipigiwa makofi. Niliitikia kwa kichwa, kama ninavyofanya mteja akinishukuru. Kisha nikatoka. Mvua ilininyeshea mpaka kituoni na sikuwa na haraka.

Jumapili, 6 Aprili

Mume wangu hakulala chumbani. Asubuhi nilimkuta jikoni, bado na shati la jana. Nilikuwa namenya viazi kwa sababu vilikuwepo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilijaribu."

"Lini?"

"Siku nyingi. Nikifika mlangoni nauona mgongo wako."

"Ukaenda kuiambia maiki."

"Maiki hainigeuzii mgongo."

Niliendelea kumenya. Sauti yangu ilitoka tambarare, ile ninayowaambia watu bei za fremu. "Unajua mwanangu amepewa nyota ngapi?"

"Usifanye hivyo."

"Mbili na nusu. Na yule kijana wa mtandaoni kampa saba kwa kumi. Mtoto hakufikisha adhuhuri hapa duniani, tayari ana alama kama mtu aliyefanya mtihani. Na wewe ndiye uliyempeleka kwenye chumba cha mtihani. Na mimi umenipeleka naye, naimba."

Alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati. Hakujitetea. Nilitamani ajitetee.

"Ile sauti yako," akasema baadaye, "ilikuwa kwenye simu yangu. Ndicho kitu pekee nilichonacho mkiwa wawili, wewe na mtoto. Nilikuwa naisikiliza kila siku studio. Nikaona nikiisikiliza peke yangu naiba, na nikiiweka kwenye wimbo naiba pia. Nikachagua wizi wa kelele."

Mama aliingia. Macho yalikuwa yamevimba. Akasimama katikati yetu, akaanza, "Jamani, wahenga walisema mficha uchi…" Akaikata pale pale. Methali hiyo inaishia kwenye kuzaa. Akainama akachukua sufuria, akatoka nayo, na mpaka leo jioni hatujui aliipeleka wapi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Wateja wengi dukani hawahitaji miwani. Wamekuja kunitazama. Bosi amewapima macho wote kwa nguvu.

Alhamisi, 10 Aprili

Bwana wa mpini ameandika upya. OMBI LA RADHI, ndicho kichwa. Anasema alikuwa kiziwi. Anasema sasa kila feni, kila mnong'ono una maana, hakuna sekunde ya kutupwa. Nyota tano. Ameandika pia kuhusu "mjane wa furaha aliyekaa safu ya tatu". Ndiye mimi.

"Unajua," mume wangu akasema, "alikuwa sahihi mara ya kwanza kuhusu wimbo wa tatu. Wa tatu ni mbovu kweli."

"Wa tano pia umerefuka," nikasema.

Alinitazama. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu Jumapili.

Redioni wamebadilisha pia. Hawasemi tena koti la umaarufu. Wanasema walijua tangu mwanzo.

Jumapili, 13 Aprili

Bibi wa Jumapili ameandika mistari michache tu, chini kabisa ya safu yake, baada ya kitabu cha mtu mwingine: "Nimeambiwa sasa aliyefariki ni nani. Nawapa pole wazazi wote wawili kwa dhati. Albamu ni ile ile niliyoisikia mwezi uliopita, na maoni yangu ni yale yale. Niliuliza swali ukumbini ambalo lingeweza kusubiri. Kwa hilo namwomba radhi mama wa mtoto."

*Mama wa mtoto.* Tangu mwezi wa kumi nimekuwa binti, dada, shemeji, mkwe, wifi. Hakuna aliyethubutu. Zamani mume wangu alikuwa ananiita Mama Kijacho, naye akaliacha jina hilo hospitalini.

Ni ajabu: ninamwamini yule asiyeipenda albamu.

Alhamisi, 17 Aprili

Waya amekuja kuniomba radhi. Ameapa alidhani nimeruhusu. Akalia kwenye ngazi mpaka waya wake ukalowa. Nikampa chai.

Jumatatu, 21 Aprili

"Nimemwambia Waya autoe wimbo wa saba," mume wangu kasema.

"Usiutoe kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani basi?"

Akamwambia Waya asubiri.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua imepungua. Hakuna kingine.

Jumapili, 27 Aprili

Mama alienda kwa shangazi. Baada ya chakula cha mchana nilichukua vipokea sauti vya mume wangu, nikaingia chumba cha nyuma, nikakaa sakafuni. Niliusikiliza wimbo wa saba kama ninavyokagua lenzi: nainua kwenye mwanga, natafuta mkwaruzo. Sauti yangu haikuniuma. Uzito ule wa kitu chepesi ni kweli, nilimwona akimbeba. Mgeni aliyekosea nyumba ni kweli. Kisha nikafika kwenye ukuta. Nikaurudisha. Nikaurudisha tena. Nikamwita.

Alikuja akasimama mlangoni.

"Huu mstari ni uongo," nikamwambia.

"Upi?"

"Alinigeuzia ukuta."

"Ulinigeuzia," akasema taratibu. "Nilikuwepo. Walikuletea mtoto, ukamshika, wakamchukua, ukageukia ukuta. Ukakaa hivyo mpaka jioni."

"Taa ya kwenye veranda ya hospitali ilikuwa nyuma yako," nikasema. "Ulikuwa umesimama mlangoni, kama sasa. Kivuli chako kilikuwa ukutani, kikubwa, kinafika darini. Nilikuwa nakitazama. Nilisema moyoni, kikitoka, na mimi nimekwisha. Kila ukihamisha mguu, nilikufa. Sikukugeuzia ukuta. Nilikuwa nakutazama wewe muda wote."

"Sikutoka," akasema.

"Najua hukutoka. Ndiyo maana nasema ni uongo."

Aliketi. Hakuketi karibu nami, aliketi pale pale kwenye kizingiti. Akalia kwa sauti ambayo hajawahi kuitia kwenye spika yoyote. Mimi sikulia. Nilisogea nikakaa karibu naye, bega kwa bega, na bega langu lilihisi joto lake. Nimeliandika kwa sababu ni kitu nilichohisi.

Baadaye akaniuliza, "Ulikuwa umemchagulia jina?"

Nikamwambia. Sitaliandika hapa. Naye akaniambia lake. Lilikuwa jina la mama yake.

"Mungu atuepushe," nikasema kabla sijajizuia. "Angekuwa anampigia simu kila mhariri."

"Lako nalo ni la mwalimu mkuu," akasema.

Tukabishana mpaka Mama aliporudi. Hatukuafikiana.

Jumamosi, 10 Mei

Tumerekodi upya, humo humo chumbani, mchana. Waya alikaa sebuleni na mashine zake, mlango umefungwa. Mume wangu alisimama karibu na feni. Mimi nilikaa sakafuni. Aliniomba nikae.

Mara ya kwanza alisema mstari mpya, badala ya ule wa ukuta, vizuri mno, kwa sauti ya watu kupiga makofi.

"Hapana," nikasema. "Tena."

Akasema tena. Safari hii aliutia mtetemo.

"Unalia kwa makusudi. Tena."

"Mwanamke, wewe ni mbaya kuliko gazeti."

"Tena."

Alinuna. Alikwenda akanywa maji, akarudi. Akafunga macho, nikamwambia afungue. Akautazama ukuta, akausema mstari kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Feni ikazunguka. Akangoja, akageuka kunitazama, akaona sisemi kitu, akaweka maiki chini.

"Na sauti yangu?" akauliza Waya kupitia mlango. "Namaanisha, sauti ya shemeji. Naibakiza?"

Mume wangu alikuwa ananingoja mimi.

"Ibakize," nikasema. "Yule mwanamke hakujua kitu. Mwache aimbe."

Jumatano, 14 Mei

Jua asubuhi, mvua jioni. Wimbo mpya umewekwa mahali pa ule wa zamani. Hawakutangaza.

Jumatatu, 19 Mei

Mama mwenye mume mkalia miwani amerudi. Safari hii anasema ni paka.

Jumamosi, 24 Mei

Hakuna aliyegundua. Redio hawajasema, yule kijana wa mtandaoni hajasema, Bibi wa Jumapili yuko kwenye vitabu.

Leo gazeti limetoa albamu bora za nusu mwaka. Bwana wa mpini ameiweka ya mume wangu juu kabisa. Mume wangu alisoma mezani, Mama akimenya chungwa.

"'Na katika wimbo wa saba,'" akasoma, "'ambao naurudia kila siku, kuna mstari wa kweli kuliko mistari yote niliyowahi kuisikia: *Alinigeuzia ukuta, nami nikajifunza ukuta*.'"

Akaniangalia juu ya gazeti.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku, anasema."

Kicheko kilinitoka puani na chai. Nilipaliwa. Mume wangu alinipiga mgongoni huku naye anacheka, na kadiri alivyonipiga ndivyo nilivyozidi, mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza hayakutaka kukoma, na sikujua tena ni ya nini, nikayaacha.

Mama aliweka chungwa chini. Alitutazama mmoja mmoja, kwa woga.

"Nini? Kaandika nini tena huyo? Mstari gani? Niambieni basi, na mimi ni mtu wa nyumba hii."

Mume wangu alilikunja gazeti. Akavuta kiti chake karibu na mama yake, akaanza kumsimulia siku ile ya hospitali, tangu tulipotoka nyumbani. Alipokosea, nilimsahihisha.